Mwaka Nilizunguka Gemu kwa Miguu

Ni tano, si nne. Na usifungue mdomo kuniuliza tano za nini, nitasema, wacha kwanza niweke hii sahani chini. Sehemu tano. Chumba, ploti, shamba, skimu, na ile haijapimwa. Juzi pale Elburgon tukizika Mwalimu Ezra, msichana wake Rachel amesimama na karatasi, amevaa nyeusi, ametoa ile sauti yake ya kanisa, anasoma: "Baba alikuwa mpenzi wa teknolojia. Katika uzee wake aliigawanya michezo ya video katika makundi manne, kulingana na ukubwa wa dunia iliyo ndani." Manne! Nilikuwa nyuma na akina mama wa kupakua, mkononi niko na kijiko ya mchele, nikasema kwa sauti, "Tano!" Mama mwenye tulikuwa naye kwa sufuria akafikiria naitisha sahani, akanipatia tano. Nikapakua. Nifanye nini? Mtu amelala kwa sanduku, huwezi enda kumwambia msichana wake mbele ya pasta ati umehesabu vibaya. Lakini nimebeba hiyo tano kutoka Elburgon mpaka hapa Free Area na bado inanikwaruza kwa koo.

Nyinyi Mwalimu mnamjua kwa ile picha ya mazishi, suti na miwani. Mimi nilimjua akiwa na soksi imetoboka kidole kubwa, amekaa kwa sofa ya Shiru, rula kwa goti. Ulikuwa mwaka mmoja tu, kutoka Januari vile watoto wanarudi shule mpaka Desemba wakiwa wamefunga, na mimi nilikuwa nimeshapita sitini. Watu husema ati ujana ndio hutengeneza mtu. Mimi ujana ilinipita nikichimba viazi Molo, na kitu ilinitengeneza ni mgongo peke yake. Mwaka yenye ilinifanya niwe huyu mtu mnaona ni ile, meno ikiwa imebaki ya kuhesabu. Na wewe mwenye unaandika, andika vile nasema, usinirekebishe. Nilirekebishwa ya kutosha ule mwaka.

Shiru ni msichana wangu, na alikuwa amefungua gemu zoni, mahali watu wanalipa kucheza gemu kwa dakika, kwa chumba ya mbele ya hii nyumba. TV nne, sofa nne, kila sofa imebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Dirisha ilikuwa imefunikwa na pazia nyekundu ndio jua isipige TV, kwa hivyo mtu akiingia anakaa kama ametoka kunywa damu. Nyuma ya pazia ingine ndio jikoni yangu. Harufu ya soksi inaingia jikoni, harufu ya kitunguu inaenda kwa gemu, zinakutana kwa mlango. Na kelele! Huku mpira, huku bunduki, huku gari inalia, na katikati Shiru anaita, "Mum, TV ya pili imeisha!" Mimi nilikuwa nimeambiwa kazi yangu ni kukaa karibu na kabati ya CD na kupatia mtu gemu Shiru akiwa ametoka. CD zilikuwa nyingi, kabati nzima, zingine amenunua, zingine ameachiwa na watu, na mimi kusoma sijui. Naona tu picha kwa kasha. Na hizo picha ni za uongo kuliko za kampeni. Mtu amechorwa na mlima nyuma, mawingu, tai anapaa, ukiweka kwa TV unakuta wanaume wawili wanapigana kwa chumba yenye haitoshi kitanda. Ingine imechorwa kichwa ya mbuzi peke yake, ukiingia ndani kuna nchi nzima, mito, masoko, farasi, mpaka harusi.

Hapo ndio shida ilianza. Mtu anaingia saa sita, anasema, "Shosh, nipatie kitu ya kupitisha lunch." Nampatia ile ya mbuzi. Saa kumi bado amekaa, ameoa huko ndani, simu ya mdosi wake wa kazi inalia kwa mfuko hata haskii. Mwingine amekuja kukaa siku yote juu mvua imemfungia, nampatia ile ya mlima na tai, dakika tatu imeisha, ananiangalia na macho kama ni mimi nimemaliza. "Mathe, kwani hii ni ya watoto?" Mbaya zaidi ilikuwa Bwana Jaspal. Huyu ni Singasinga wa duka ya spea, kilemba safi, tumbo inatangulia, kila siku saa saba anakuja na chakula yake kwa mkebe. Anataka kitu moja tu. "Mama, wewe napea mimi barabara. Refu. Bunduki hapana taka, kelele ya bibi natosha." Siku moja nikampatia barabara kumbe hiyo barabara haiishi, inapita mji, inapita jangwa, inapita mji ingine. Saa tisa bibi yake akaingia na funguo ya duka mkononi, mwanamke mwembamba lakini sauti iko na spika: "Jaspal! Fundi wote nangoja spea wewe nangoja nini?" Na yeye bila kugeuka, "Nangoja kona, mama, nangoja kona." Shiru alinikasirikia mimi. "Mum, si unaweza jua tu gemu ni kubwa aje kabla upatie mtu?" Nitajua aje? Nilale nazo?

Sasa katikati ya hiyo fujo ndio Mwalimu Ezra alikuja. Alikuwa amestaafu, alikuwa amefundisha jiografia miaka yote, bibi yake alikuwa ameshakufa zamani, na alikuwa ameshuka Nakuru kutoka Elburgon kutibiwa goti, akakaa kwa dada yake hapo nyumba ya tatu. Alikuwa anakuja kwetu kusoma gazeti juu kwa dada yake kulikuwa na kuku ndani ya nyumba. Alivua viatu kwa mlango. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuvua viatu kwa ile mlango. Akaketi, akatuangalia tukizozana wiki nzima, mimi na Shiru na watu wa lunch, halafu akakunja gazeti mara nne, akakohoa ile kikohozi ya paredi ya shule. "Mama Shiru. Tatizo lililopo hapa ni ukosefu wa utaratibu. Michezo hii yapasa kuainishwa." Nikamwambia, ainisha basi, mimi niko na maharagwe kwa moto.

Kesho yake akaja na rula, penseli na ile karatasi ya viboksi vidogo. Kila gemu iko na ramani ndani yake, ukibonyeza mahali inatokea. Basi Shiru anabonyeza, Mwalimu anaketi karibu na TV, pua imegusa kioo, anapima ramani na rula, anaandika, anapiga hesabu, anatoa jibu. "Dunia hii ni kubwa." Sawa. Tunampatia mtu wa kukaa siku yote. Nusu saa mtu analia. "Mwalimu, hii ni ndogo!" Anavua miwani, anafuta, anarudi na rula. "Haiwezekani. Ramani inaonyesha kilomita nyingi sana." Nikatoka jikoni na mwiko. Nikamwambia, Mwalimu, hiyo ramani yako nusu ni bahari, mtu akiingia anakufa. Huku ni mlima, mtu hapandi, anateleza tu kama mbuzi kwa mabati. Zile nyumba zote milango imechorwa, hazifunguki. Mimi nikisimama kwa mlango wangu naona mlima ya Menengai yote. Kwani Menengai ni yangu? Watu kwa sofa wakacheka, na Mwalimu akanitazama kama mtoto wa nyuma ya darasa ameinua mkono kwa mara ya kwanza. "Basi wewe ungepima vipi?"

Ningepima vile watu wetu hupima. Kule Molo hakuna mtu mwenye akili hununua shamba kwa kuangalia karatasi. Karatasi ni ya kuweka kwa kabati. Shamba unaizunguka na miguu, ukiwa na majirani wawili wa kushuhudia, unaweka ua, ile fensi, kwa mkono wa kushoto na hautoki kwa huo ua mpaka urudi mahali ulianzia. Ukikuta bonde mguu haingii, hiyo bonde si shamba, ni hasara. Nikakaa kwa sofa, nikasema nipatieni hiyo padi. Vidole vyangu zimezoea jembe, padi ilikuwa inaniponyoka kama sabuni, lakini kile kijiti cha kushoto ukisukuma mbele mtu anaenda, na hiyo ndio nilikuwa nataka. Nikaenda mpaka mtu wangu akagonga hewa. Kila gemu iko na hiyo mahali: miguu inakimbia, mwili haisongi, kama mtu anatafuta kazi Nairobi. Huo ndio ua. Nikaushika kwa kushoto nikaanza kuzunguka. Bwana Jaspal nikamwambia wewe ni jirani wa kwanza, shuhudia. Jirani wa pili nikamchukua Brayo, mtu wa bucha hapo kando, alikuwa amekuja na aproni yake iko na damu. Saa sijui kusoma vizuri lakini sufuria najua. Kama nimezunguka na maziwa bado haijafura, hiyo ni chumba. Chai ikichemka na ipoe, ni ploti, kama zile za mpira. Na hata ile uwanja ya mpira Mwalimu alikuwa amehesabu viti vya watu! Unacheza kwa viti? Viazi vikiiva, ni shamba. Na kama githeri ya mahindi kavu inaiva nikiwa bado sijarudi, hiyo ni skimu, kama zile serikali ilikatia watu mashamba, iko na barabara ndani, shule, duka, mto, na watu wenye hawajuani.

Brayo alikuwa anaangua kicheko mpaka anashika ukuta. "Shosh, watu wanaua majambazi, wewe unatembea tu kwa fensi! Si upige hata mmoja!" Nikamwambia majambazi ni wao, mimi niko kazini. Kuna mmoja alikuwa ananipiga risasi kwa mgongo kila nikipita hiyo kona na mimi napita tu, nakufa, naamka, naendelea. Mwalimu alikuwa ameweka rula chini. Akaketi karibu na mimi, akashika waya ya padi ndio isininase miguu. Na maandishi yakitokea kwa TV, watu wa gemu wakiongea, alikuwa ananisomea pole pole, kwa sauti ya chini, anatafsiri. "Huyu mwanamke anasema ndugu yake amepotea. Anakuomba umtafute." Mwambie niko na ua, nikimaliza nitamtafuta. Alicheka. Alikuwa anacheka na mabega peke yake, bila sauti, kama mtu anaogopa kuamsha darasa.

Basi tukafanya hiyo kazi pamoja, na nitasema ukweli ingawa inaniuma kusema, ilikuwa tamu. Asubuhi kabla watu waje, pazia imefunguliwa kidogo, yeye anamenya viazi, na anamenya vizuri, ngozi nyembamba unaweza kusoma gazeti nayo, mimi nazunguka. Nikimaliza moja naweka tone ya rangi ya kucha ya Shiru kwa kasha. Tone moja chumba, mbili ploti, tatu shamba, nne skimu. Mtu wa lunch akija sasa hata Shiru haulizi. Tone mbili, kula, cheza, rudi kazini. Bibi ya Bwana Jaspal aliniletea sambusa sahani nzima, akaniambia, "Mama, sasa bwana yangu narudi duka. Wewe nafanya kazi ya daktari." Mwalimu akasema hayo matone si rasmi. Akakata karatasi, akaandika majina na ile mwandiko yake nzuri, inainama yote upande moja kama ngano kwa upepo, akabandika juu ya matone yangu. Nikasema sawa, si wenye kusoma pia ni watu. Hapo ndio ningeona. Lakini mtu akikushikia waya ya padi miezi mitatu, macho inakuwa mvivu.

Mwezi wa saba wakati wa kuvuna alileta gunia ya viazi kutoka kwa shamba yake, akaiweka jikoni, akavuta stuli. "Nyambura," akaniita jina, si Mama Shiru, "mimi na wewe si vijana. Ningependa tuishi pamoja, lakini kwa njia inayofaa. Nilete wazee wangu." Mimi nikakoroga supu yenye haikuwa inataka kukorogwa. Nikamwambia nitafikiria. Jioni hiyo Shiru akaniuliza, "Mum, si useme tu ndio? Unampenda, kila mtu anaona, hata Brayo anaona na huyo haonangi hata mfupa." Na nikamwambia Shiru hii maneno, na ako hai, mnaweza kumuuliza. Nilimwambia mimi nimeolewa mara moja. Nililima, nikakamua, nikajenga, na watu wakipita walikuwa wanasema shamba ya fulani imependeza. Kwa kanisa huyo bwana yangu alishukuru Mungu, alishukuru serikali, alishukuru mbolea. Sirudi huko. Huyu Ezra akisema mbele ya watu wake, kwa mdomo yake, ati ni mimi nilipima hizi gemu, nitaenda na yeye Elburgon hata hiyo wiki. Sitaki pete, sitaki ng'ombe. Hiyo tu. Shiru akasema, "Ah, Mum, hiyo ni rahisi." Mimi pia nilifikiria ni rahisi.

Sasa hiyo ya tano. Kulikuwa na gemu moja ya kuchimba, kila kitu ndani imekatwa kama matofali, miti matofali, ng'ombe tofali. Mwalimu akaisoma kasha, akasema hiyo ni shamba, labda skimu ndogo. Nikaingia, nikaenda kutafuta ua. Maziwa ikafura. Viazi vikaiva. Githeri ikaiva, watu wakakula, vyombo vikaoshwa, sijagonga hewa. Kesho yake nikaendelea mahali niliachia. Nikasema wacha niweke alama, nikawa nasimamisha fito kila sufuria ikiiva. Wiki ikaisha. Mwezi ikaisha. Fito moja hapa, ingine hapa, na mbele bado nyika, theluji, mto, nyika. Mwalimu akaanza kukasirika, na mtu wa jiografia akikasirika anakuwa mpole sana. "Nyambura, unazunguka mviringo." Sizunguki, ua ungekuwa kushoto, ua haiko. "Dunia isiyo na mpaka haipo. Hata hii tunayoishi ina mpaka." Nikamwambia ingia basi unionyeshe. Hakuingia. Siku zote hizo hakuwahi kushika padi, mnajua hiyo? Alikuwa anasema goti. Kwani unacheza na goti?

Nikamuuliza Shiru. Shiru akaangalia kwa simu, akaniambia hiyo gemu inajitengeneza ukienda, mbele yako hakuna kitu mpaka ufike, ukifika inakuwa. Nikakaa chini. Sijui kama mnaelewa vile hiyo ilinifanyia. Mimi maisha yangu yote nimeona ardhi ikikatwa. Shamba ya mzungu ikawa skimu, skimu ikawa shamba, shamba ikawa ploti, na sasa ploti watu wanajenga chumba chumba. Kila mtu nimejua alizaliwa akakuta ua. Na hapa kuna mahali mwanamke anaenda tu, anaenda, na ardhi inatoka chini ya mguu yake juu ameenda. Nikaweka tone ya tano, nikaiita haijapimwa. Mwalimu akakataa kuandika karatasi ya hiyo. Miezi miwili alikataa! Tulikuwa tunakula, yeye na kiazi yake, mimi na yangu, Bwana Jaspal katikati anatuangalia kama mtu anaangalia mpira wa meza. "Mwalimu, wewe nakubali tu. Mimi nashuhudia. Ua hapana." Na Mwalimu, "Bwana Jaspal, elimu haipigiwi kura." Alinichosha huyo mzee. Alinichosha mpaka siku zingine nilikuwa naweka chumvi mingi makusudi.

Na kuna siku nilikuwa jikoni, yeye ako mbele anaongea na Rachel kwa simu, hajui pazia haizuii kitu. "Ndiyo, mwanangu. Ni mama mzuri. Mkimya. Mtu wa nyumbani." Mkimya! Mimi! Nilitaka kutoka nikamuulize ni nani huyo amemuoa kwa simu. Nikajiambia, Nyambura, mtu akiongea na mtoto wake huwa anapunguza chumvi. Nikajiambia atasema vizuri siku ya wazee. Mwezi wa kumi na moja, siku moja nikakuta amebandika karatasi ya tano. Mwandiko ile ile imeinama. Nikaenda jikoni nikalia kidogo na vitunguu, juu nilijua hiyo ni njia yake ya kuomba msamaha, na nikamtuma Shiru amwambie alete wazee.

Mtasikia watu wakisema tulikosana juu ya watoto wake, wengine shamba, wengine ati mimi niko na mdomo. Mdomo niko nayo, lakini siku hiyo sikuitumia. Walikuja Jumamosi saa saba. Wazee wawili, mkubwa akiwa kaka yake, Mzee Kamau, na Rachel na bwana yake. Kwa upande wetu kulikuwa na kaka yangu Njoroge kutoka Molo, Shiru, na Bwana Jaspal na bibi yake, wamevaa kama wanaenda kwa gavana. Tulikaa kwa hiyo chumba ya gemu juu ndio kubwa. Shiru alikuwa amefunika TV na vitambaa vyeupe, zikakaa kama mabibi harusi wanne. Nilikuwa nimepika mukimo, kuku, chapati, kabeji, na ile supu ya mbuzi. Walikula vizuri. Mzee Kamau alikula kama mtu anahama. Maneno ilienda sawa, Njoroge alitaniana nao, wakacheka, wakaomba, na mimi nikaingia na birika kumwaga chai. Ndio Mzee Kamau akainua macho kwa kabati, akaona karatasi zimepangwa, akasema, "Ezra, hizi ni nini? Umefungua shule ingine?"

Mwalimu akasimama. Goti haikumuuma siku hiyo. Akakohoa ile ya paredi. "Ndugu zangu, hii ni kazi ya mwaka mzima." Nikashika birika vizuri. "Michezo hii imegawanywa katika makundi matano." Matano! Alisema matano! Shiru akanifinya kiuno. "Ukubwa wa dunia," Mwalimu akaendelea, "haupimwi kwa ramani. Ramani hudanganya. Unapimwa kwa pale mguu unapofika." Hayo ni maneno yangu, yalitoka kwa hii mdomo nikiwa na mwiko, na yalikuwa yanapendeza kwa hiyo sauti yake, ninakubali, yalikuwa yanapendeza. Rachel alikuwa anamtazama baba yake na macho inang'aa. "Unaweka ua mkono wa kushoto. Unazunguka hadi urudi ulipoanza. Nilizunguka zote, moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho nikagundua haina mpaka kamwe." Bwana Jaspal akaweka kikombe chini, ikalia kwa sahani. Bibi yake akamshika mkono. Chai ilikuwa inamwagika kwa kikombe ya Mzee Kamau na mimi sioni. Bado nilikuwa nangoja. Nilijiambia amesahau, atakumbuka, ni woga ya kusimama mbele ya watu, mpatie dakika.

Njoroge kaka yangu si mjinga. Alikuwa ananijua tangu tukiwa wadogo, anajua uso wangu ikinyamaza. Akamwambia, kwa heshima, akitabasamu, "Kazi kubwa, Mwalimu. Na huyu dada yangu alikuwa wapi siku hizo zote?" Chumba yote ikageuka ikaniangalia na birika yangu. Mwalimu pia akaniangalia. Na alitabasamu, naapa, hakuwa na ubaya wowote kwa uso, alitabasamu vile mtu anatabasamu akiona kiti yake.

"Huyu?" akasema. "Huyu alikuwa anapanguza."